MAMA, UNAIONA KESHO YA NAMNA GANI?

Ilikuwa siku ya Jumatano, baada ya kipindi cha akina mama hapa Tegeta. Wengi walikuwa wamekwisha kuondoka kuwahi daladala za Boko na Bunju, nami nilikuwa nakusanya vitabu vya nyimbo. Mama mmoja alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma. Nilipomkaribia aliniambia, "Dada, wewe ni nesi. Naomba unipime presha. Nadhani nina ugonjwa wa moyo."

Nilikuwa na kipimo mkobani, nikampima. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu, ila mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka. Nikamwuliza habari za usingizi. Akatazama chini. Alisema kwamba kwa muda wa wiki tatu amekuwa akiamka saa nane za usiku, moyo ukienda mbio na viganja vimelowa jasho, na hawezi kulala tena mpaka alfajiri, anapoanza kusikia malori ya saruji yakishuka kutoka Wazo.

"Ukiamka huwa unawaza nini?" nilimwuliza.

"Siwazi, dada. Naona."

Alichokuwa akikiona ni hiki. Alikuwa amekopa shilingi 600,000 kwa watu wa mikopo ile inayoitwa kausha damu, ili amalizie ada ya binti yake wa kidato cha nne. Mume wake hakujua. Biashara yake ya maandazi iliyumba, na marejesho ya wiki mbili yakampita. Basi kila usiku aliwaona vijana wa marejesho wakiingia sebuleni na kubeba kochi, televisheni na jokofu. Majirani wamejaa mlangoni. Binti yake analia akiwa na sare ya shule. Mume wake amesimama, anamtazama. Hapo picha inakatika, kisha inaanza tena tangu mwanzo.

Nilimsindikiza zahanati, akapimwa damu na sukari, akasikilizwa moyo. Haikuonekana kasoro. Mama yule alikuwa anaumwa kesho yake. Ameniruhusu nieleze habari zake, nami nimeficha yote yanayoweza kumtambulisha, kwa sababu naamini wako wengi kati yenu mnaoamka naye saa ile ile ya usiku.

MWILI UNAAMINI PICHA

Jaribu jambo moja sasa hivi. Fumba macho, ulione embe bichi mkononi mwako. Lisikie lilivyo gumu na baridi. Unalikata kwa kisu, maji yake yanachuruzika, unachovya kipande kwenye chumvi na pilipili, unakitia mdomoni, unauma.

Je, mate hayakukujaa? Embe halipo. Hata hivyo mwili umejiandaa kulila, kwa sababu umeiona picha yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa hofu. Ukiiona picha ya msiba moyoni, mwili unajiandaa kama vile msiba umeingia mlangoni. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli ya shingo inakaza, tumbo linasokota. Mungu aliuumba mwili hivyo ili tuweze kumkimbia simba. Lakini mama aliyelala kitandani hana pa kukimbilia, na nguvu ile yote inabaki ndani ikimtetemesha.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2005 Emily Holmes na Andrew Mathews walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Watu walioambiwa waone kwa macho ya moyo mambo ya kutisha waliingiwa na wasiwasi zaidi kuliko wale walioyafikiri mambo hayo hayo kwa maneno tu. Kwa hiyo usijilaumu unaposhindwa kujituliza kwa kujiambia "acha kuwaza". Picha ina nguvu kuliko amri hiyo. Na kwa kuwa picha ina nguvu ya kututisha, tunaweza pia kujifunza kuitumia ili itusaidie.

MAKOSA MAWILI TUNAYOFANYA

Kosa la kwanza ni kuikata picha mahali pabaya. Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, alisikiliza kwa makini picha zinazowajia wagonjwa wa hofu. Yeye na waliomfuata walijifunza kwamba mtu mwenye wasiwasi huisimamisha picha pale inapotisha kuliko pote, na hapo huirudia. Haendelei kuona saa moja baadaye, wala asubuhi yake, wala mwezi unaofuata. Kwa hiyo njia mojawapo ya kumsaidia ni kumwomba aiendeleze picha yake mpaka mwisho.

Kosa la pili ni kuikimbia ile picha mbaya kwa kujichorea nzuri ya mwisho tu: deni limekwisha, mtoto amepata daraja la kwanza, nyumba imeezekwa. Picha hii ni tamu kwa dakika chache, lakini haimsaidii mtu kuamka na kutenda. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliwachunguza wanawake waliotaka kupunguza uzito. Waliokuwa wakijiona tayari wembamba na wenye kupendeza walipungua kidogo kuliko wale waliojiona wakipambana na tamaa ya chakula. Hali kadhalika, huko Los Angeles, Lien Pham na Shelley Taylor waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu wajione moyoni kwa dakika chache kila siku kabla ya mtihani. Wengine walijiona wakifurahia alama nzuri. Wengine walijiona wakiketi na kusoma. Matokeo ya uchunguzi huo, yaliyotolewa mwaka 1999, yalionyesha kwamba waliojiona wakisoma ndio waliosoma saa nyingi zaidi, na ndio waliopata alama za juu zaidi.

Mama mwenzangu, somo ni hili. Ukiitazama kesho, jione wewe mwenyewe ndani yake ukitenda jambo. Picha ya hofu inakuonyesha umesimama bila kufanya kitu. Ndoto ya mchana nayo inakuonyesha umekwisha kufika. Lakini kinachokusubiri kesho asubuhi ni hatua moja tu, na hiyo ndiyo ya kuichora.

JE, NI HALALI KWA MKRISTO?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na ni swali zuri. Wako wanaofundisha kwamba ukilichora gari moyoni kwa bidii, gari litakuja. Huko ni kuufanya moyo wetu kuwa mungu, na sisemi habari hiyo. Picha haileti kitu. Picha inautayarisha moyo kupokea na mkono kutenda.

Lakini hebu tazama jinsi Mungu mwenyewe anavyosema na watu wake. Abrahamu alipokuwa na mashaka juu ya uzao, Mungu hakumpa maneno matupu. Katika Mwanzo sura ya 15 alimtoa nje akamwonyesha nyota. Bwana Yesu alipofundisha juu ya kusumbukia maisha, katika Mathayo sura ya 6, aliwaelekeza watu watazame ndege na maua. Zaburi ya 23 ambayo wengi tunaijua kwa moyo imejaa picha: mchungaji, majani, maji, bonde, meza. Katika karne ya 16 Ignasio wa Loyola aliwafundisha wenzake wasali kwa kujiweka ndani ya habari ya Injili, waione njia, wasikie sauti za watu waliokuwapo. Jicho la moyo ni kipawa cha Muumba. Tukiliacha bila kazi njema, hofu italipa kazi yake.

NAMNA YA KUFANYA

Zoezi hili huchukua kama dakika 20. Usilifanye kitandani, na usilifanye usiku wa manane. Chagua saa yako ya mchana au jioni, mahali pamoja, kila siku. Thomas Borkovec wa Marekani, aliyechunguza wasiwasi kwa miaka mingi, aliwafundisha watu tangu miaka ya 1980 kuutengea wasiwasi saa yake. Ukija wakati mwingine unaambiwa usubiri. Wewe nawe hofu ikikuamsha usiku iambie, "Nitakutazama kesho saa kumi na moja jioni," kisha urudi kwenye pumzi yako. Unaweza kuandika neno moja kwenye karatasi ili usihofie kusahau.

1. Tuliza mwili. Keti, miguu yote miwili igusane na sakafu. Vuta pumzi polepole kwa puani, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kana kwamba unapoza uji wa mtoto. Fanya hivyo mara kumi.

2. Nenda mahali pa amani. Chagua mahali unapopajua kweli. Wengi wetu hapa Tegeta tumetoka mbali: labda ni migomba ya nyumbani kwenu Kilimanjaro, labda jiko la bibi yako kule Rungwe, labda ufukwe wa Kunduchi asubuhi mitumbwi ikirudi. Usikimbilie. Unaona nini? Unasikia nini? Kuna harufu gani? Miguu yako inakanyaga nini? Kaa hapo kwa dakika tatu.

3. Itazame picha ya hofu, uiendeleze. Sasa iruhusu ije. Ikifika pale inapokatika siku zote, jiulize, "Halafu?" Jibu utakachokiona, kisha uulize tena, "Halafu?" Endelea mpaka ufike asubuhi inayofuata, na baada ya hapo wiki inayofuata. Tazama nani yupo. Tazama ni nini kimebaki.

4. Chora hatua ya kesho. Chagua jambo moja dogo. Lione na saa yake na mahali pake: umevaa nini, unatamka neno gani la kwanza. Kisha uone kikwazo kitakachojitokeza, na ujione unavyokivuka. Bila kikwazo picha hiyo ni ndoto ya mchana.

5. Mkabidhi Mungu. Fungua viganja vyako juu ya magoti na umweleze Bwana kwa maneno yako, jambo kwa jambo. Kisha inuka, unawe uso, uendelee na kazi.

Wako watu wasioona picha yoyote wakifumba macho. Mwaka 2015 Profesa Adam Zeman wa Uingereza aliipa hali hiyo jina la afantasia, nayo si ugonjwa. Kama wewe ni mmoja wao, fanya zoezi hili kwa maneno, au uliandike. Katika uchunguzi uliofanywa London na kutolewa mwaka 2016, watu 102 wenye wasiwasi uliopita kiasi walifundishwa kubadilisha mawazo yao ya hofu. Waliotumia picha na waliotumia maneno walipata nafuu sawasawa.

Mtoto anayekaribia mtihani naye anaweza kusaidiwa. Usimwambie, "Jione umefaulu." Mwambie ajione akiingia chumba cha mtihani, akiandika namba yake, akikutana na swali gumu, akiliruka bila kutetemeka, na kulirudia baadaye.

"HALAFU?"

Nirudi kwa yule mama. Tulikaa wawili kanisani, nikamwomba aendeleze ile picha ya sebule yake.

"Wamebeba vitu wameondoka," alisema.

"Halafu?"

"Majirani wananicheka."

"Wote? Hata yule aliyekuletea mtori ulipojifungua?"

Alinyamaza kidogo. "Hapana. Yule angeingia ndani."

"Haya, yumo ndani. Halafu?"

"Ananishika mkono. Jioni inaingia. Tunalala. Vitanda hawajachukua." Alivuta pumzi. "Asubuhi naamka kukanda unga."

"Na baba watoto yuko wapi?"

Hapo alilia. Nilimwacha alie. Alipotulia alisema, "Dada, vitu vitanunuliwa. Ninachoshindwa ni kumtazama usoni."

Basi tukaelewa wote wawili. Kwa wiki tatu alikuwa akidhani anaogopa kunyang'anywa jokofu, kumbe alikuwa anaogopa siri yake. Asingeligundua hilo kama angeendelea kuikata picha palepale.

Hatua yake ilikuwa moja: kumwambia mume wake. Alijiona akifanya hivyo Jumamosi jioni baada ya chakula, watoto wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, karatasi ya mkopo iko mezani. Neno la kwanza lingekuwa, "Baba, nimekosa, naomba unisikilize mpaka mwisho." Kikwazo je? Alisema mume wake akikasirika hunyamaza, naye ukimya ule humfanya aanze kusema uongo ili auvunje. Basi alijiona akikaa katika ukimya ule bila kuongeza neno. Alilifanya zoezi hilo siku tatu mfululizo.

Jumamosi ikafika, akasema. Mume wake alinyamaza kama alivyotarajia. Akatoka nje, akarudi usiku sana. Mama hakuongeza neno. Asubuhi yake, kabla ya ibada, mume aliiomba ile karatasi na kuisoma. Wiki ile waliiuza televisheni wenyewe, kwa bei waliyoipanga wenyewe, kisha wakaenda pamoja na mzee mmoja wa kanisa kuomba kupangiwa upya malipo yaliyobaki. Sitaki kuwadanganya kwamba nyumba ilijaa furaha. Kwa muda wa mwezi mzima mume wake alizungumza naye kwa maneno machache. Deni lilikwisha baada ya miezi mitano. Mpaka sasa siku nyingine huamka saa nane, lakini anasema huuliza "Halafu?" na mara nyingi husinzia kabla hajafika asubuhi.

Naongeza neno moja la tahadhari. Kama mume wako ana mazoea ya kupiga, usiende kumwambia jambo zito mkiwa peke yenu. Mhusishe mzee wa familia au mchungaji. Na kama kuna hatari, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya watu kama wewe.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Zoezi hili si dawa ya kila kitu. Moyo kwenda mbio kunaweza kuletwa na upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, kushuka kwa sukari, kahawa nyingi, au mabadiliko ya mwili hedhi inapokaribia kukoma. Kwa hiyo anza na vipimo kama tulivyofanya kwa mwenzetu.

Nenda upesi kama umekosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, kama umeshindwa kazi zako za kila siku, kama umejifungua karibuni na huna upendo wala furaha juu ya mtoto, au kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kama umeanza kuona afadhali ufe, usingoje kesho. Mwambie mtu leo, naye akusindikize.

Aidha, kuna picha ambazo ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutokea. Mtu aliyeyaona mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, ambayo yaliwafanya wengi wahamishiwe Mabwepande jirani na sisi, anaweza kuyaona maji tena kila mvua inaponyesha. Vivyo hivyo aliyebakwa au aliyenusurika katika ajali. Huyu asilifanye jambo la tatu peke yake. Atafute mtaalamu. Na yeyote anayeona picha inamzidi nguvu afumbue macho, ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona chumbani, na aache zoezi kwa siku hiyo.

Najua wengi tunaogopa kupelekwa kitengo cha afya ya akili, maana watu watasema, "Huyu ni wa Mirembe." Wapendwa, anayekwenda kutibiwa hofu hana tofauti na anayekwenda kutibiwa malaria. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwenda Mwananyamala au Muhimbili.

NENO LA MWISHO

Nami pia niliwahi kuwa na kesho yangu ya kutisha. Niliona uvimbe katika ziwa langu, nikasubiri majibu kwa wiki mbili, na unesi wangu haukunisaidia kitu, kwa sababu nilijua mengi mno. Kila usiku niliwaona watoto wangu kando ya kaburi. Usiku mmoja nilichoka, nikauliza, "Halafu?" Nikamwona mdogo wangu akiwavusha barabara ya Bagamoyo kwenda shule, amewashika mikono. Nililia, lakini usiku ule nililala. Asubuhi nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia yote, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya. Majibu yalikuja mema. Lakini amani ilikuja kabla ya majibu.

Ee Baba, unawajua akina mama wanaoamka usiku huu hapa Tegeta na kila mahali. Unajua ada, kodi, marejesho na majibu ya vipimo wanayoyasubiri. Wape macho ya kuona zaidi ya lile linalowatisha, wakuone Wewe umesimama upande wa pili wa usiku. Na asubuhi uwape nguvu kwa hatua moja. Amina.